Kazi ya Kutunza Karatasi: Somo la Murumbi kwa Vijana wa Kisii na Nyamira

Hebu nikuulize swali. Mara ya mwisho ulipoenda mazishi nyumbani, iwe Ogembo, Suneka, Keroka au Ekerenyo, ulirudi na nini? Achana na stori za nani alilia sana na nani alikataa kusalimia shemeji. Naulizia ile programu. Ile karatasi ya kung'aa yenye picha ya marehemu mbele, na ndani wasifu wake: wazazi, ndugu, watoto, shule alizosoma, mahali alipofanya kazi, pamoja na picha moja ya zamani akiwa kijana amevalia suruali pana ya miaka ya sabini.

Kwa watu wengi wa Gusii, hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho maisha yao kuchapishwa popote. Na sisi tunaifanyia nini? Jua likiwaka tunajipepea nayo. Mvua ikija, na kwetu mvua haikosi kuja, tunajifunika nayo kichwa. Jioni iko kwa matope. Wiki ikianza, zilizobaki zinafungia watu mandazi.

Sasa sikiliza. Kuna watu duniani ambao kazi yao ya kila siku, yenye ofisi na mshahara, ni kuhakikisha karatasi kama hiyo haipotei. Wanaitwa wasimamizi wa chapa katika makumbusho. Najua ukimwambia mzee wako kule Nyamira kwamba unataka kuwa msimamizi wa chapa, atadhani unaenda kupiga ng'ombe chapa. Ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia hii. Ni kazi ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kututajia kwenye ile siku ya kuelekezana kuhusu taaluma. Siku ile ilikuwa daktari, wakili, injinia, na ukikosa zote, ualimu.

Chapa ni nini hasa?

Chapa ni picha inayotolewa kutoka kwenye kitu kingine: ubao uliochongwa, bamba la shaba lililokwaruzwa, jiwe lililochorwa, au kitambaa chembamba kilichowambwa kwenye fremu. Unapaka wino, unaweka karatasi, unakandamiza, unabandua. Halafu unarudia. Kama umewahi kuona tisheti za kampeni zikichapwa nyuma ya duka, basi umeshaona moja ya njia hizo kwa macho yako. Ile fremu, ule wino na ile raba ya kusukumia rangi ni jamaa wa karibu wa vifaa ambavyo wasanii wakubwa hutumia studioni.

Kuna njia moja itakayowagusa watu wa Tabaka. Mwaka 1796, Mjerumani kwa jina Alois Senefelder aligundua kwamba ukichora kwa mafuta juu ya jiwe laini la chokaa, kisha ukalilowesha maji na kulipaka wino, wino utashika tu pale penye mafuta. Ukilaza karatasi juu yake na kukandamiza, picha inatoka. Hilo si jiwe la kuchonga la kwetu, ni la aina nyingine kabisa. Lakini ona jinsi jiwe moja linavyoweza kubadilisha dunia: mabango, ramani, lebo za bidhaa na picha za vitabuni zilichapwa hivyo kwa miaka mingi sana.

Watu wengi hudharau chapa kwa sababu ziko nyingi. Wanasema kilicho kimoja tu ndicho cha thamani. Mtu aliyepinga fikra hiyo vizuri zaidi ni Mmarekani William Ivins. Alikuwa wakili, si mtu wa makumbusho. Mwaka 1916 makumbusho makubwa ya Metropolitan jijini New York yalipoanzisha idara ya chapa, yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wake wa kwanza, na akakaa hapo miaka 30. Hoja yake ilikuwa hii: uzuri wa chapa uko palepale kwenye kurudiwa. Picha inayoweza kurudiwa bila kubadilika ndiyo iliyowawezesha watu walio mbali kuzungumzia kitu kimoja.

Nikueleze kwa mboga. Chukua jani la chinsaga. Mchore mmoja alichore Nyansiongo, mwenzake wa Keroka anakili mchoro huo bila kuona jani lenyewe, mwingine wa Kisii mjini anakili wa Keroka, na kuendelea hivyo hadi mtu wa kumi. Ukifika kwa huyo wa kumi utakuta jani la muhogo. Lakini mchoro wa kwanza ukichongwa kwenye ubao na kuchapwa nakala 500, wote 500 wanaona jani lilelile. Bila hilo hakuna kitabu cha mimea, hakuna cha udaktari, hakuna mchoro wa injini. Ivins aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, kikatoka mwaka 1953.

Siku ya kazi inavyokuwa

Usidhani ni kukaa tu ukiangalia picha nzuri. Sehemu kubwa ya kazi hii ni vita na vitu vinne: mwanga, unyevu, wadudu na vidole vyetu.

Mwanga kwanza. Makumbusho mengi huweka kazi za karatasi kwenye mwanga wa takriban lux 50, yaani ule mwanga hafifu unaokufanya uulize kama tokeni za stima zimeisha. Jua la mchana huweza kufikia lux 100,000. Sasa fikiria ile picha ya harusi ya wazazi wako iliyotundikwa ukutani mkabala na dirisha tangu uzaliwe. Ndiyo maana bibi harusi amekuwa wa kijani.

Pia kuna karatasi yenyewe. Gazeti hugeuka manjano kwa sababu limetengenezwa kwa mbao zilizosagwa ambazo bado zina lignini, ile gundi ya asili ya mti. Ikikutana na hewa na mwanga, inabadilika rangi na karatasi inakuwa kavu ya kuvunjika. Risiti za dukani ni mbaya zaidi. Nyingi hazina wino hata kidogo, ni kemikali inayogeuka nyeusi kwa joto. Ziache kwenye dashibodi ya gari wiki chache uone kama utasoma kitu.

Kwa hiyo msimamizi huhifadhi chapa zake zikiwa zimelala, ndani ya masanduku ya karatasi ngumu isiyo na asidi. Moja ya aina maarufu ya masanduku hayo limepewa jina la Daniel Solander, aliyefanya kazi katika Makumbusho ya Uingereza katika karne ya 18. Yaani mtu alitengeneza boksi zuri, na zaidi ya miaka 200 baadaye jina lake bado linatajwa. Chapa haitundikwi mwaka mzima. Inaoneshwa miezi michache, halafu inarudishwa gizani ikapumzike.

Baada ya hapo ndipo kazi ya akili inaanza. Nani alichapa hii? Lini? Kwa njia gani? Nani aliilipia? Ni nakala ya kwanza au bamba lilikuwa limeshachoka? Ilipitia mikono ya nani? Kila jibu linaandikwa. Chapa bila maelezo ni kama mtu aliyeokotwa barabarani bila kitambulisho. Unaona sura, lakini humjui.

Mwisho kuna kuchagua. Makumbusho hayawezi kuweka kila kitu, kwa hivyo lazima mtu aamue nini kiingie na nini kiachwe. Hapo ndipo kuna uzito wa kazi hii. Anayechagua ndiye anayeamua wajukuu watatuona vipi.

Kadi za mtu wa kiwandani

Kabla turudi nyumbani, nikupe stori moja ya huko mbali inayonipendeza sana. Ivins alipoondoka mwaka 1946, aliyechukua kiti ni A. Hyatt Mayor. Mwaka uliofuata, mtu mmoja kutoka mji wa Syracuse aliamua kuyapa makumbusho mkusanyiko wake. Jina lake Jefferson Burdick. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme, na ugonjwa wa viungo ulikuwa umemkunja mikono.

Alikuwa amekusanya nini? Takataka, wengine wangesema. Zile kadi ndogo zilizokuwa zikiwekwa ndani ya pakiti za sigara na peremende. Lebo. Kadi za matangazo ya maduka. Postikadi. Vitu ambavyo watoto huchezea wiki moja na kutupa. Jumla yake ilizidi vipande 300,000, na zaidi ya 30,000 kati ya hivyo ni kadi za wachezaji wa besiboli.

Mayor angeweza kucheka. Badala yake alielewa kwamba hizo ndizo picha ambazo watu wa kawaida waliziona kila siku, si zile michoro za kwenye majumba ya matajiri. Burdick akapewa meza humo ndani, akawa anakuja kupanga na kubandika kadi zake kwenye albamu, moja baada ya nyingine, na mikono ileile iliyouma. Alimaliza Januari 1963. Machi mwaka huohuo akafariki.

Leo watafiti wanaingia pale kusoma Marekani ya kale kupitia kadi za pakiti za sigara. Na kama wewe ni wa kuuliza pesa, kadi moja ya aina hiyo, ya mchezaji Honus Wagner, imewahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 6. Burdick alikuwa nayo. Aliitoa bure pamoja na nyingine zote.

Wetu alikuwa Murumbi

Sawa, utaniambia hao ni Wamarekani, wana pesa za kuchezea. Basi turudi Kenya. Mtu wetu aliyeikaribia zaidi kazi hii hakuwahi kuitwa msimamizi wa chapa. Wengi wanamjua kama makamu wa pili wa rais, kama wanamjua kabisa. Joseph Murumbi.

Alizaliwa mwaka 1911. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa, mama yake Mmaasai. Alipelekwa India akiwa mdogo kusoma huko, akarudi akiwa kijana, na baadaye akachagua kutumia jina la upande wa mama. Alifanya kazi za ukarani, zikiwemo za miaka mingi Somalia chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza. Viongozi wa chama cha KAU walipokamatwa Oktoba 1952, yeye alikuwa miongoni mwa waliobaki kushika usukani, kisha akaenda kuisemea Kenya ng'ambo. Akaishi London karibu miaka tisa, akipata riziki katika ubalozi wa Morocco.

London ndiko ugonjwa wa kukusanya ulimshika sawasawa. Alikuta vitabu, barua, ramani na sanaa za Afrika zikiuzwa kwenye maduka na masoko ya vitu kuukuu, vingine kwa bei ya kutupa. Akaanza kununua kwa mshahara wake mdogo. Hakuwa na shahada ya makumbusho, hakuwa hata na uhakika wa lini angerudi nyumbani. Alijua jambo moja tu: nchi itapopata uhuru, watu wake watahitaji kujisoma, na karatasi za kujisomea ziko hapa mezani kwa Mwingereza.

Alirudi 1962. Akawa waziri, akashughulikia mambo ya nje, na mwaka 1966 akawa makamu wa rais baada ya Jaramogi Oginga Odinga kuondoka. Hakukaa hata mwaka mmoja. Rafiki yake mkubwa Pio Gama Pinto alikuwa ameuawa Februari 1965, na siasa ikawa imemkaa vibaya. Akaacha. Januari 1967 Daniel arap Moi akashika nafasi hiyo.

Hebu fikiria. Mtu anaacha kiti cha pili kwa ukubwa nchini, halafu nguvu zake zinaenda kwenye vitabu, stempu na sanaa. Alihudumu kama mwenyekiti wa Makavazi ya Kitaifa, akapigania nyaraka zetu zilizochukuliwa na wakoloni zirudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan, akaanzisha African Heritage jijini Nairobi, nyumba ya sanaa iliyouza na kuonesha kazi za bara zima.

Katika maktaba yake kulikuwa na karibu vitabu 8,000 adimu vilivyochapishwa kabla ya 1900. Fikiria karatasi zote hizo, na michoro ya chapa iliyo ndani ya vitabu vya enzi hiyo, manake kabla ya kamera kuenea hivyo ndivyo msomaji alivyooneshwa mto, mlima na uso wa mtu. Na stempu zake? Stempu ni chapa ndogo kuliko zote. Nyingi za zamani ni michoro iliyochongwa na kuchapwa, mara nyingi ikiwa na sura ya aliyetawala wakati huo.

Wageni walimfuata na pesa wakitaka kununua. Yeye akaamua mali hiyo ibaki Kenya. Miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na mkusanyiko, kwa makubaliano kwamba patakuwa kituo cha masomo ya Afrika chenye jina lake, ambapo vijana kama wewe wangeenda kusoma.

Kituo hakikujengwa. Nyumba iliachwa ikachakaa, mwishowe ikabomolewa na ardhi ikagawanywa. Murumbi alifariki Juni 1990, akazikwa pembeni mwa bustani ya City Park, Nairobi, karibu na kaburi la rafiki yake Pinto.

Kilichookoka ni vitu vyenyewe. Siku ukiwa Nairobi, simama pale kwenye sanamu ya Tom Mboya, Moi Avenue. Jengo la kizamani linalokutazama, lililokuwa benki, ndilo Makavazi ya Kitaifa. Ingia. Ghorofa ya chini utakuta ukumbi wenye jina la Murumbi, umejaa vitu vyake. Nenda pia Nairobi Gallery, ile ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa 1913, ambako watu walisajiliwa vizazi, ndoa na vifo. Humo pia kuna sehemu ya mkusanyiko wake.

Halafu pitia City Park. Kwenye bustani ya kumbukumbu yake utakuta kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji mkubwa kutoka kwetu Kisii, ambaye ndege wake wa amani yuko pia kwenye makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Kwa hiyo mkono wa Mgusii ndio unaomlinda mlinzi wetu wa karatasi. Hilo ningependa ulibebe.

Sisi tuko kwa faili ya nani?

Ukiwa pale Makavazi, panda kwenye chumba cha kusomea na uulize faili zinazoanza na DC/KSI. Hiyo ni Kisii. Zinakuja ripoti za maafisa wa wilaya wakati wa ukoloni, enzi ambapo Kisii mjini palikuwa makao ya wilaya ya South Kavirondo. Utasoma kuhusu kodi, barabara, mifugo, njaa, wazee wa vijiji. Ni hazina. Lakini zingatia kalamu ilikuwa kwa nani.

Unamjua Otenyo. Kila mtoto wa Gusii amesimuliwa kuhusu Otenyo na nabii Moraa. Januari 1908 Otenyo alimdunga mkuki afisa wa wilaya, Northcote, baada ya Waingereza kuingia na kuswaga ng'ombe wa watu. Northcote hakufa. Alipona, akapanda vyeo, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Ukitaka kujua maisha yake, utapata barua, ripoti na picha. Otenyo je? Masimulizi ya kwetu yanasema aliuawa na kichwa chake kikapelekwa Uingereza. Familia na wazee wamedai kirudi kwa miaka mingi. Mmoja ana faili, mwingine ana hadithi ya kando ya moto. Na hadithi, ndugu yangu, hufa na msimulizi.

Hata waliokuja baadaye kwa nia njema walikuwa wageni. Robert na Barbara LeVine waliishi Gusii miaka ya 1950 wakichunguza jinsi watoto wanavyolelewa, na kitabu chao kikatoka 1966. Ukisoma unamwona magokoro wako akiwa mtoto, ameandikwa na mtu wa Marekani.

Si kwamba uchapishaji ulikuwa mbali nasi. Gendia, karibu na Kendu Bay, wamisionari Waadventista walikuwa na mtambo wa kuchapa tangu mwanzo wa karne iliyopita. Nyimbo na masomo ya dini yalifika Gusii yakiwa kwenye karatasi. Katika nyumba ngapi za Nyamira bado kuna kitabu cha nyimbo cha zamani, jalada limeng'oka, kimefungwa kwa kitambaa ndani ya sanduku la bati? Hicho ni kitu cha makumbusho. Na mabango ya uchaguzi? Kalenda za sacco na viwanda vya chai zilizojaa ukutani? Picha za studio zenye pazia la bahari nyuma, mtu wa Kebirigo akijifanya yuko Mombasa? Hivyo vyote ndivyo kadi za Burdick za kwetu. Tofauti ni kwamba Burdick wetu hajafika.

Katiba ilishasema

Wengi hawajui hili. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaorodhesha kazi za kaunti. Kuna kifungu kimoja kuhusu utamaduni na burudani. Ndani yake kuna kamari, leseni za pombe, sinema, maktaba na makumbusho. Ndiyo, zote ziko orodha moja. Kwa hiyo kaunti ya Kisii na ya Nyamira zina ruhusa ileile ya kuanzisha makumbusho kama waliyo nayo ya kutoa leseni ya baa.

Sasa tembea Kisii mjini kutoka Capital hadi Daraja Mbili, uhesabu. Baa ngapi? Maduka ya kamari mangapi? Halafu hesabu vyumba vya kutunzia kumbukumbu zetu. Sitakwambia jibu, miguu unayo.

Kaunti hizi mbili zimewahi kubishana hata kuhusu nani akusanye ushuru Keroka. Sijasikia kelele kama hiyo kuhusu nani atunze picha za zamani za soko hilo. Lakini pia sitaki tulaumu gavana peke yake. Bajeti ya umma hufuata kelele, na vijana hatujapiga kelele hiyo. Mwakilishi wa wadi akija kwenye kikao cha bajeti, ni nani wetu amewahi kuinua mkono akauliza kuhusu maktaba?

Unaanzaje?

Nitakuwa mkweli. Mimi niliacha chuo karo ilipokatika, kwa hiyo siwezi kukuuzia ndoto ya bure. Leo ukitaka kuajiriwa na Makumbusho ya Kitaifa kama msimamizi, watataka shahada: historia, akiolojia, sanaa, anthropolojia au elimu ya nyaraka. Kama bado uko darasani, maliza, na uombe nafasi ya mafunzo ya kazini kwenye makumbusho au makavazi badala ya kujaza fomu ya ofisi yoyote ile ili mradi upigwe muhuri.

Kama huko chuo umetoka kama mimi, kuna milango ya pembeni. Makumbusho yanahitaji watu wa kupiga picha nyaraka, kuziskani, kuzipa namba, kutengeneza masanduku na fremu. Hizo ni kazi za mikono yenye subira. Murumbi alianza kama karani anayenunua vitabu kuukuu. Burdick alikuwa fundi wa kiwandani. Hakuna aliyewapa barua ya ruhusa.

Na kazi yenyewe haingoji barua ya ajira. Anza hivi.

Programu za mazishi: chukua mbili kila unapoenda. Moja ya kusoma, moja ya kuweka. Ilaze ndani ya bahasha safi, usiikunje.

Usitumie selotepu kubandika karatasi iliyochanika. Gundi yake hula karatasi na kuacha alama ya kahawia isiyotoka. Usitumie pini za chuma wala raba za kufungia pesa. Pini zinaota kutu, raba zinayeyuka.

Usipeleke picha ya zamani kufunikwa plastiki kwa moto pale saiba. Ikishafunikwa hivyo, haifunguki tena bila kuharibika.

Iweke juu, mbali na sakafu, mbali na jiko na mbali na ukuta unaovuja. Sanduku chini ya kitanda kule kwetu ni karamu ya mchwa.

Piga picha ya kila kitu kwa simu mchana, karibu na mlango, bila flashi. Hifadhi mahali pawili. Usitegemee WhatsApp, manake hubana picha ikapoteza maelezo, na simu ikiibiwa Nyamataro umerudi sufuri. Siku hizi hata programu za mazishi zinatumwa kwa simu tu, hakuna karatasi. Hizo ndizo zitapotea haraka kuliko zote.

Nenda kwa mwenye studio ya zamani mjini kwenu. Muulize kwa heshima kama negativu zake bado zipo. Wengi wanazichoma wakihama duka. Ukimkuta kabla hajachoma, umeokoa mji mzima.

La mwisho ndilo kubwa, na halitaki hela. Chukua picha za nyumbani ukae na magokoro wako. Muulize: huyu ni nani? Hapa ni wapi? Mwaka gani, kabla au baada ya nani kuzaliwa? Atacheka, ataanza stori ndefu ya ng'ombe na shangazi aliyekimbia na mwalimu. Mwache aongee. Wewe andika majina nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza. Usitumie kalamu ya wino, wino huvuja ukatokea upande wa pili.

Mwanga, unyevu na mchwa tunaweza kupambana navyo kwa sanduku zuri. Lakini siku magokoro akiondoka bila kuulizwa, picha itabaki kwenye sanduku na hakuna atakayejua ni ya nani. Nenda wikendi hii. Beba penseli.